Ndani ya Ukungu Hakuna Mwenye Njia

Baharia yeyote aliyepita chuoni anazijua kanuni za hali ya hewa safi: chombo kikikukata kutoka kulia, wewe ndiye wa kupisha, anayempita mwenzake akae mbali, cha injini kimpishe cha tanga. Ukungu ukishuka, yote hayo yanawekwa kando. Kanuni ya 11 hadi ya 18 katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 ni za vyombo vinavyoonana kwa macho. Visivyoonana vinaongozwa na Kanuni ya 19, na humo hakuna anayepisha wala anayepishwa. Kila mmoja anawajibika kupunguza mwendo na kila mmoja anawajibika kukwepa. Nahodha anayeona doa upande wake wa kushoto kwenye rada akajisemea "huyu atanipisha" ameshakosea kabla hata hajagusa usukani.

Ghuba ya San Francisco, magharibi mwa Marekani, ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili kwa sababu kila kigumu kimekusanyika pale. Vivuko vya abiria vinakwenda na kurudi kati ya mjini na Sausalito, Larkspur, Vallejo, Oakland na Alameda, vingi vikiwa boti za kasi za matumbo mawili, na baadhi hupita fundo 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa. Njiani vinakatana na meli za makontena na za mafuta zinazoingia kwa mlango wa Golden Gate. Maji yanapokupwa, mkondo katika mlango ule hufika fundo 4 na zaidi. Juu ya hayo kuna madaraja, visiwa, na ukungu wa aina mbili.

Wa kwanza ni ule wa kiangazi unaopendwa na wapiga picha. Upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu kutoka ufukoni, maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake, na hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa mpaka mvuke wake unageuka matone. Bara likipata joto, hewa ya huko hupanda na kuuvuta ukungu ndani ya ghuba kupitia Golden Gate. Mara nyingi unakaa juu kidogo kama wingu la chini, na chini yake unaweza kuona maili kadhaa. Wa pili ni wa majira ya baridi, wenyeji wanauita ukungu wa tule. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi iliyolowa mvua ya bonde la ndani la California hupoteza joto, ukungu unazaliwa huko, kisha unatiririka na hewa baridi kupitia Mlango wa Carquinez hadi ghubani. Huu unalala juu ya maji yenyewe. Ukisimama kwenye usukani huoni omo, yaani ncha ya mbele, ya chombo chako.

Sasa angalia tarehe. Kivuko San Rafael kiligongwa na kivuko mwenzake Sausalito kikazama tarehe 30 Novemba 1901. Meli mbili za mafuta, Arizona Standard na Oregon Standard, ziligongana chini ya daraja la Golden Gate tarehe 18 Januari 1971. Meli ya makontena Cosco Busan ilijipigiza kwenye nguzo ya daraja la Bay Bridge tarehe 7 Novemba 2007. Zote ndani ya ukungu, na hakuna hata moja ya kiangazi. Mifano mitatu haitoshi kuitwa takwimu, lakini ningekuwa nahodha pale ningeuogopa zaidi ukungu usiopigwa picha.

Kazi ya ukungu huanza kabla haujafika. Joto la hewa likikaribiana na kiwango cha umande (joto ambalo mvuke huanza kugeuka matone) kwa nyuzi 2 hivi za Selsiasi, na upepo ni mdogo, hesabu kwamba utakuja. Upeo wa macho ukianza kufutika, au taa za mbali zikavaa duara la mwanga, umeshakuja. Hapo usikadirie kwa hisia unaona umbali gani, pima. Chagua boya au chombo kinachopotea machoni, uangalie rada inasema kiko umbali gani wakati huohuo. Hiyo ndiyo namba yako ya kufanyia kazi, na irudiwe kila baada ya dakika chache, maana ukungu haulingani kila mahali.

Kwenye kivuko, namba hiyo ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye maagizo ya nahodha (vyombo vingi huweka maili 2 au 3), mambo yanafuatana haraka: nahodha anaitwa ghorofa ya usukani hata kama amelala, mashine zinaambiwa zikae tayari kupunguza, kusimama au kurudi nyuma papo hapo, anayeshika usukani kwa mkono anachukua nafasi ya usukani wa kujiendesha, pampu ya pili ya usukani inawashwa, taa za safari zinawashwa hata kama ni saa 4 asubuhi, milango isiyopitisha maji inafungwa, nanga inawekwa tayari, honi inaanza. Mlango usiopitisha maji ndio husahaulika kirahisi, kwa sababu wafanyakazi wanapita hapo mchana kutwa. Empress of Ireland ilipogongwa na meli ya makaa Storstad ndani ya ukungu wa mto St. Lawrence, Kanada, tarehe 29 Mei 1914, madirisha mengi ya pembeni yalikuwa wazi na milango haikuwahi kufungwa yote. Ilizama kwa dakika 14 hivi, na zaidi ya watu 1,000 walikufa.

Mlinzi wa mbele asiwekwe ndani ya kioo. Kanuni ya 5 inataka ulinzi wa macho na wa masikio, na masikio hayafanyi kazi karibu na injini. Apelekwe omoni, apewe redio ya mkononi, aambiwe asiripoti meli tu: sauti ya kengele, harufu ya moshi wa dizeli, mawimbi ya chombo kingine, ndege walioketi juu ya boya, vyote avitaje. Boti nyingi za kasi zina chumba cha usukani kilichofungwa kabisa, na ndiyo maana sheria za usalama zinadai chumba kama hicho kiwe na mfumo wa maikrofoni za nje na spika ndani. Ajabu ni kwamba spika hizo hupunguzwa sauti kwa kuwa zinakera. Zikizimwa, chombo ni kiziwi.

Tuje kwenye mwendo, ambao ndio kiini. Chombo kinachokwenda fundo 10 kinakata mita 309 kwa dakika. Kwa fundo 30 ni mita 926. Vyombo viwili vya fundo 30 vikielekeana, umbali kati yao unapungua maili nzima kila dakika. Mazoea ya zamani ya mabaharia yanasema uweze kusimama ndani ya nusu ya umbali unaoona, nusu nyingine umwachie mwenzako. Kanuni yenyewe haitaji namba. Inasema mwendo salama kulingana na hali, na hali hiyo ni pamoja na msongamano, kina, upepo, mkondo na uwezo wa chombo kusimama. Kuna wanaosema boti ya kasi ikipunguza mno hupoteza uwezo wa kugeuka. Kwa baadhi ya vyombo ni kweli, lakini hiyo ni sababu ya kufahamu kwa majaribio, siku ya jua, ni fundo ngapi usukani bado unashika. Haiwezi kuwa kisingizio cha kubaki fundo 25.

Honi nayo ihesabiwe pamoja na mwendo. Chombo cha injini kinachokwenda kinapiga mlio mmoja mrefu, wa sekunde 4 hadi 6, usiopita dakika 2 bila kurudiwa. Kikiwa hakijatia nanga lakini kimesimama kabisa majini, ni miwili mirefu yenye nafasi ya sekunde 2 hivi kati yake. Mrefu mmoja na mifupi miwili ni chombo chenye shida ya kukwepa: cha tanga, kinachovua, kinachovuta kingine, kilichoharibika. Kwa chombo cha urefu wa mita 20 hadi 75, ambamo vivuko vingi vinaangukia, honi inatakiwa isikike maili 1. Sasa piga hesabu: vyombo viwili vya fundo 30 vikielekeana vinakaribiana maili 2 kati ya mlio na mlio. Vinaweza kukutana bila yeyote kumsikia mwenzake hata mara moja. Kwa hiyo honi ni ya kumlinda anayekwenda polepole. Anayekwenda kasi asijifariji nayo.

Hata ukiisikia, usiamini upande inakotoka. Sauti ndani ya ukungu hupinda na kuruka maeneo. Unaweza kuisikia kwa mbali, ikapotea katikati, ikarudi karibu. Ukisikia mlio unaoonekana kutoka mbele ya ubavu wako, na hujathibitisha kwamba hakuna hatari, Kanuni ya 19 inakuagiza upunguze hadi mwendo mdogo kabisa unaoshika usukani, na ikibidi usimame. Kisha sikiliza. Kosa dogo linalojirudia ni honi ya kujiendesha iliyowekwa mlio mmoja: chombo kinasimama, honi inaendelea kumwambia kila mtu kwamba kinakwenda. Lingine ni honi mbili zinazolingana muda mpaka zinafunikana. Ukihisi hivyo, bonyeza kwa mkono ubadilishe wakati.

Rada ndiyo jicho, ila ni jicho linalotaka subira. Ukungu wenyewe hauizuii kwa kiasi cha kutisha. Mvua kubwa ndiyo inayoizuia. Rada ya mawimbi ya sentimita 3 inaonyesha vitu vidogo vizuri lakini mvua huijaza weupe. Ya sentimita 10 hupenya mvua vizuri zaidi ila vidogo huvikosa. Kama zipo mbili, moja ikae masafa ya maili 6 au 12 kuona yanayokuja, nyingine 1.5 au 3 kwa yaliyo karibu, na zibadilishwe mara kwa mara. Kitufe cha kuondoa vurugu za mawimbi kikizungushwa mno kinafuta na mtumbwi ulio mita 400. Kirudishe mpaka vidoa vya mawimbi vianze kuonekana karibu na katikati, uviache hapo.

Tuchukue mfano wa mezani. Unaelekea kaskazini kamili, fundo 12. Saa 1:06 asubuhi doa liko nyuzi 030 (zikihesabiwa kutoka kaskazini kwenda kulia), maili 4. Saa 1:09 liko nyuzi 030, maili 3. Saa 1:12, nyuzi 030, maili 2. Upande haubadiliki na umbali unapungua: mtagongana saa 1:18, na mnakaribiana kwa fundo 20. Ukichora, utapata kwamba huyo anakwenda kusini-magharibi, kama nyuzi 242, kwa fundo 11 na kitu. Yuko mbele ya ubavu na humpiti, kwa hiyo kanuni inakwambia uepuke kukata kushoto. Ukikata kulia nyuzi 60 pale pale saa 1:12, atapita kushoto kwako kwa umbali wa maili 1 hivi. Ukisubiri mpaka 1:15, ikiwa imebaki maili 1, kitendo kilekile kinakupa nusu maili. Na ukikata saa 1:12 nyuzi 10 tu, kwa woga au kwa kutotaka kuchelewa, atapita kama mita 340 kutoka kwako, na kwenye rada yake hataona kwamba umegeuka. Hesabu hizi zinadhani chombo kinageuka papo hapo na mwenzako habadilishi chochote. Baharini ondoa kidogo kwa yote mawili.

Kugeuka kidogo namna hiyo ndiko kulikosaidia kuiua meli ya abiria Andrea Doria, kwa namna fulani. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket, mashariki mwa Marekani, meli hiyo ya Italia ilikuwa ndani ya ukungu ikienda karibu fundo 22. Iliiona Stockholm ya Sweden kwenye rada ikiwa umbali wa maili 17 hivi. Andrea Doria ilisogea kushoto nyuzi chache ili wapishane kulia kwa kulia. Stockholm ikakata kulia ili wapishane kushoto kwa kushoto. Kila mmoja alikuwa na rada, kila mmoja aliamini ameelewa. Walikufa watu 46 kwenye Andrea Doria na 5 kwenye Stockholm. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Stockholm haikuwa ndani ya ukungu. Ilikuwa kwenye hewa safi, ikishangaa kwa nini haioni taa za meli ambayo rada inasema iko karibu. Kanuni ya leo inasema wazi kwamba Kanuni ya 19 na milio ya honi vinakuhusu ukiwa ndani ya ukungu au karibu nao. Ukiona doa kwenye rada na huoni taa yake, jua mmoja wenu yuko ndani ya ukungu, na usilazimike kukisia ni nani.

Baada ya ajali ya 1971 ya Golden Gate, San Francisco ikapata kituo cha kuongoza vyombo, kilichoanza kazi 1972, na sheria ya redio za kuongea meli kwa meli. Leo vyombo vinaripoti kwa kituo kwenye chaneli 14 ya redio ya VHF, na mazungumzo ya meli kwa meli yako chaneli 13. Redio ni nzuri kwa kutangaza: jina, mahali, uelekeo, nia. Ni mbaya kwa mapatano ukiwa hujui unaongea na nani. "Meli iliyo mbele yangu, tupishane kulia" ndani ya ukungu inaweza kujibiwa "sawa" na meli isiyo hiyo. Taja boya, taja jina lililo kwenye AIS (mtambo unaotangaza wenyewe jina na mahali pa chombo), na ukubali tu ukishaiona kwenye rada ikifanya ilichosema. AIS nayo ina mpaka wake: inakuonyesha wenye mtambo waliouwasha, na mtumbwi hauna.

Cosco Busan ilikuwa na rubani (mwenyeji anayeongoza meli bandarini), rada, ramani ya kielektroniki na kituo kikiifuatilia. Rubani hakuridhika na picha ya rada, akaegemea ramani ya kielektroniki aliyokuwa haifahamu vizuri, na yeye na nahodha hawakuelewana juu ya maana ya alama nyekundu zilizokuwemo. Kituo kilimuuliza kwa redio anaelekea wapi. Muda mfupi baadaye ubavu wa meli ulichanika kwenye kizuizi cha nguzo, na zaidi ya lita 200,000 za mafuta mazito zikamwagika. Uchunguzi ulitaja pia dawa alizokuwa anatumia rubani. Ninachokitazama mimi ni kitu cha mapema kuliko hayo yote: waliondoka gatini Oakland ukungu ukiwa tayari umefunga. Kivuko kilicho gatini hakijamgonga mtu. Bandari ile sasa ina miongozo ya meli kubwa kutopita sehemu nyembamba ikiwa umbali wa kuona uko chini ya nusu maili, na abiria wa vivuko wamezoea tangazo la kuchelewa.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki ukungu mzito wa baharini si jambo la kila mwaka, na wengi wanaifunga sura hii ya kitabu mtihani ukiisha. Ni kosa. Kanuni ya 3 inataja ukungu, lakini pia mvua kubwa na dhoruba za mchanga. Mvua ya masika ikimwagika juu ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam, vivuko vya Magogoni na Kigamboni vinakata njia ileile ya meli zinazoingia. Likoni ni vivyo hivyo: feri zinavuka mkondo wa meli za Kilindini. Mvua ikishuka kiasi kwamba huoni gati la ng'ambo, umeshaingia Kanuni ya 19, na rada yako ya sentimita 3 pengine imejaa weupe. Kuuliza mnara wa bandari kwa redio kama kuna meli mkondoni ni kazi ya sekunde 15, ifanyike kabla ya kutoa kamba.

Na mwenye mashua au ngalawa? Mbao na fiberi hurudisha mawimbi ya rada kwa unyonge, na tanga lililolowa halisaidii kitu. Kioo cha kurudishia mawimbi ya rada, kile cha bati chenye vikombe vinane, kitundikwe juu iwezekanavyo, mita 4 au zaidi kutoka majini, na kining'inie kwa namna ambayo kimoja cha vikombe vyake kingejaa maji ya mvua, si kwa ncha. Kikining'inizwa kwa ncha uwezo wake unapungua sana. Chombo kisichofika mita 12 hakilazimiki kupiga milio ya vyombo vikubwa, ila lazima kitoe kelele nyingine ya kusikika kila baada ya dakika 2: honi ya gesi, filimbi, baragumu, hata sufuria na mwiko. Zima mashine mara kwa mara usikilize, dakika nzima, si sekunde tano.

Kisha ondoka njia ya wakubwa. Meli yenye kimo cha mita 10 ndani ya maji haiwezi kukufuata kwenye mita 3. Pima kina kwa bildi au kwa mtambo, ingia pembeni ya mkondo hadi maji yasiyopitika kwa meli, ukizingatia kama yanajaa au yanakupwa usije ukapwelewa mwambani, utie nanga hapo. Chombo kilichotia nanga kinapiga kengele haraka kwa sekunde 5 kila dakika. Kama huna kengele, endelea na sufuria. Vaeni maboya ya kuokolea wote, na taa iwe mkononi, tayari kumulika tanga lako mwenyewe pale utakaposikia injini inakaribia.